Kikombe Kisichotikiswa

Nchi yetu haikuingia vitani. Hilo tulisomewa redioni asubuhi na jioni mwaka ule wa 2003: sisi hatumo, anga yetu haimo, askari wetu hawamo, na wale wanaume wekundu waliopiga kambi jangwani ni wageni wa nchi rafiki, wamekuja kufundishana kulenga shabaha. Basi na sisi madereva wa Maan tukawaita wote hivyo hivyo, kwa jina moja: Rafiki. Ukikutana na mwenzio kituo cha mafuta unamuuliza, "Rafiki kaamkaje?" Anakujibu, "Kaamka na ndege." "Kala nini?" "Kala barabara."

Barabara ndiyo iliyokuwa shamba letu. Maan haina mto wala kiwanda cha kumtosha mtu na ndugu yake. Ina vumbi na malori. Tulipakia ngano na sukari bandarini Akaba, tukavuka jangwa mpaka Baghdad, tukarudi na mafuta. Mafuta hayo, nusu tulipewa bure na nusu kwa bei ya kutupa, ndiyo yaliyopika kila sufuria ya nchi hii, ya mlinzi na ya waziri. Kwa hiyo Rafiki aliposema anakwenda kupigana kule, wakubwa wetu walisikia habari za kimataifa. Sisi tulisikia mtu anatangaza kwamba kesho atatupiga teke jikoni.

Mimi sisahau, na wasionipenda hawanipendei hilo. Nakumbuka vita vya Rafiki vya mara ya kwanza, bandari ilivyokauka hata paka wa Akaba wakahama, nami nikauza matairi ya akiba ninunue unga. Nakumbuka 1989, wakopeshaji waliposema pandisheni bei ya mafuta na wakubwa wetu wakapandisha kabla sentensi haijaisha. Maan ilikuwa ya kwanza kuwaka. Askari walinitafuta nyumba kwa nyumba, na aliyenificha ndani ya tangi tupu la maji, juu ya paa lake, ni shemeji yangu Swailim, mume wa dada yangu Fidda. Walimpiga makofi uani, mbele ya mkewe na mtoto. Mimi nikiwa mle ndani ya bati nasikia kila kofi. Alisema neno moja tu: "Nimempa uso wangu." Hawakumtoa jingine. Kwetu mtu akishakupa uso wake, amekupa kila kitu. Akiurudisha nyuma hana tena mahali pa kuuvaa.

Naeleza hili mapema ili mjue kinywa kilichotuangamiza ni kinywa kile kile kilichoniokoa.

Yule mtoto aliyeona baba yake akipigwa alikuwa Hazaa. Ndiye mtoto pekee waliyejaliwa. Alikua akawa dereva wa lori la baba yake, lori la tangi, la kijani, lenye honi ambayo mji mzima uliijua. Akirudi safari alikuwa akiibonyeza pale kwenye kona ya makaburi, akaishikilia mpaka mbwa wote wa Maan waitikie. Fidda alikuwa haweki mchele jikoni mpaka aisikie. Nyama inachemka kwenye mtindi, yeye amekaa na sinia la mchele mapajani, anangoja. "Wali ukingoja mtu unalala," alikuwa anasema. "Heri mtu angoje wali."

Siku ya safari ya mwisho nilimkuta Hazaa amepanda juu ya tangi na kopo la rangi nyeupe. Anaandika jina la nchi yetu, herufi kubwa kama milango, za Kizungu.

"Wewe! Unaandika nini huko, mabango ya uchaguzi?"

"Namwandikia Rafiki, Mjomba Redio." Madereva wote waliniita Redio, kwa sababu sizimiki. "Akipita na ndege yake, asome."

"Na Kizungu hicho umejifunza wapi?"

"Rubani hakusoma madrasa kwetu, mjomba. Ukimwandikia Kiarabu atadhani unamtukana."

"Kumtukana ndiko kungefaa."

"Hapana bwana," akasema, huku ananyoosha mkia wa herufi kwa kidole gumba. "Si tunakula mkate wake na anakula bandari yetu? Rafiki hampigi rafiki. Hata wewe unanichukia lakini hujanipiga."

"Teremka nikupige."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na mtungi wa maji, ayamwage nyuma ya magurudumu, msafiri apate kurudi. Hakucheka. Alisema, "Hazaa, mwanangu, hiyo rangi imekauka?" Akajibu imekauka. Akamwaga maji. Lori likaenda.

Hazaa alikuwa upande wa pili wa mpaka vita vilipoanza. Mpaka ukafungwa. Malori yetu yalikwama kule jangwani na madereva wao, hakuna simu inayoshika, na kila tukienda kuuliza ofisini tunaambiwa hali ni shwari. Hali ni shwari! Madirisha yetu yanatetemeka kwa ndege zinazopita, hali ni shwari.

Swailim alikuwa mkuu wa chama chetu cha madereva. Mtu mtaratibu, mrefu, sauti ndogo. Mimi nilikuwa mdomo na yeye uzito. Mimi nikisema, watu walipiga makofi. Yeye akisema, waliwasha injini. Tukakubaliana: malori yote yaliyobaki tutayalaza kuikata barabara kuu ya jangwani, bandari isitoe hata gunia, mpaka serikali imwambie Rafiki wazi, kwa mdomo wa hadharani, asimamishe ndege zake watu wetu warudi, na mpaka watuambie mafuta yatatoka wapi na kwa bei gani. Tulipanga iwe Jumamosi.

Alhamisi, saa za alasiri, ukaja ujumbe.

Mbele alikuwa Sheikh Mijhim katika joho lake la manyoya ya ngamia, nyuma wazee wa koo, na katikati yao mtu mmoja wa suti kutoka Amman ambaye hakuna aliyemtambulisha. Waliketi kwenye magodoro kuizunguka sebule. Swailim akachukua dele la kahawa makaani, akaonja yeye kwanza kama inavyotakiwa, akamimina. Kahawa chungu, funda mbili, yenye iliki. Fidda aliikaanga asubuhi ile kwa mkono wake.

Sheikh akapokea kikombe, akakiweka chini.

Mgeni akiweka kikombe chini hajaja kunywa. Amekuja na haja, na hatakigusa mpaka mwenye nyumba amwambie anywe. Ukimwambia kunywa, umeshampa. Wazee wote wakaweka vyao. Yule wa suti alikuwa ameshakunywa chake, ameshakinyoosha aongezewe.

"Weka chini," Sheikh akamwambia kwa meno. Akakiweka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Mimi nilijua, au nilidhani najua. Wamekuja kuivunja Jumamosi. Walishakuja mara mbili kabla kwa mambo kama hayo, na Swailim mara zote mbili aliviacha vikombe vikapoa, akawasindikiza kwa adabu mpaka kwenye gari. Lakini nilipomtazama safari hii nikaona uso wake umefunguka. Macho yake yalikuwa kwa Sheikh kama macho ya mtu aliyeona taa jangwani. Sheikh Mijhim ndiye aliyejuana na watu wa mpakani. Ndiye peke yake katika mji ule aliyeweza kusema lango lifunguliwe, likafunguliwa. Siku zote zile Swailim alikuwa akimtumia watu: Sheikh, mwanangu yuko kule, wafungulieni. Na sasa Sheikh amekuja mwenyewe, amevaa joho la heshima. Swailim akapiga hesabu yake moyoni: wanataka nivunje mgomo, nao waniletee Hazaa.

"Sheikh, kahawa yenu inapoa," alisema.

"Tuna haja, Baba Hazaa."

"Shemeji," nikasema, "waache waseme kwanza. Sikia kwanza."

Sheikh hakunigeukia. "Khulaif, wewe ni mjomba wa kijana, heshima yako ipo. Lakini hapa si kwenu."

"Kunyweni," Swailim akasema.

"Shemeji!"

"Kunyweni, mlichokijia mmekipata. Mniletee mwanangu tu."

Sheikh hakukigusa bado. "Umesema, Swailim?"

"Nimesema. Na uso wangu uko hapa."

Basi Sheikh akainua kile kikombe, akanywa, akakitikisa kwa vidole, ishara kwamba yametosha, akamrudishia.

"Mwanao tumemleta," alisema. "Yuko hospitali ya mpakani. Kesho asubuhi atafika. Sote ni wa Mungu, Swailim, na kwake tunarejea."

Swailim alikuwa bado ameshika dele. Hakuliangusha. Aliliweka makaani polepole, akalisogeza likae sawa, akalisogeza tena.

"Na haja yetu," Sheikh akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemeza mchanga, "ni kwamba lori lilipinduka. Ajali ya barabarani. Ndivyo utakavyosema wewe, kwa watu, na kwa madereva, na popote utakapoulizwa."

"Lilipinduka?"

"Ndivyo utakavyosema."

Mtu wa suti akaona zamu yake imefika. Akaanza kutueleza, kwa Kiarabu cha taarifa ya habari, kwamba taifa linapita katika wakati mgumu. Mafuta ya Iraki yamekatika jana na hayatarudi. Tunawaomba majirani, na majirani hawafungui bomba mpaka Rafiki awakonyeze. Msaada wetu uko mezani kwake wiki hii hii. Mishahara ya walimu imo humo, ngano imo humo. Kusema kwamba ndege ya nchi rafiki imeua raia wetu, tena malori yakatanda barabarani na picha zikapigwa...

"Kumbe ni ndege!" nikamrukia. "Umelisema mwenyewe, ewe mwana wa suti! Rudia, watu wasikie!"

Masikio yake yakawa mekundu.

"Sheikh," nikasema, "ulijua tangu unavuka mlango huu?"

"Nilijua."

"Ukamwacha akuombe mtoto aliyekufa?"

"Hakunipa nafasi, Khulaif." Akanitazama sasa, na macho yake yalikuwa yamelowa, Mungu anihukumu nikisema uongo. "Nilikuja na maneno yangu nimeyapanga. Nilikuja kumpa pole kwanza. Yeye akanikatisha. Mji huu uliwekewa vifaru mwaka jana tu, unataka virudi? Nina wana wawili jeshini. Unadhani mimi naupenda mdomo wangu leo?"

Kilichonitafuna, na kinanitafuna mpaka sasa, ni kwamba hakuwa anadanganya. Hakumtega. Alinyamaza tu, pumzi moja zaidi ya inavyoruhusiwa.

Swailim akasema, "Kamwambie mama yake." Aliniambia mimi. Lakini Fidda alikuwa ameshasikia. Nilimkuta jikoni amekaa chini, sinia la mchele mapajani.

Tulimzika Ijumaa. Sanduku lilikuwa limepigwa misumari na askari wawili walilisimamia lisifunguliwe. Fidda alilipapasa kutoka kichwani hadi miguuni, au huko alikodhani ni kichwani.

"Baba Hazaa," alisema, "lori likipinduka linamuunguza mtu hata mama yake asimwone?"

"Lilikuwa na mafuta, Fidda."

"Nani aliyeyawasha?"

Swailim akatazama viatu vyake.

Hema la matanga tulilisimamisha mbele ya nyumba, wanaume nje, wanawake ndani. Watu walikuja kutoka Karak, kutoka Tafila, madereva mpaka wa Irbid. Kila anayeingia anapewa kahawa, ananong'ona rambirambi, kisha anamwinamia Swailim sikioni. Na kila mara nilisikia jibu lile lile, kwa ile sauti ndogo: "Ajali. Lori lilipinduka." Madereva walikuwa wakitazamana. Kijana aliyeendesha barabara ile miaka sita bila kukwaruza hata kioo, barabara iliyonyooka kama kamba! Lakini kwetu hakuna mtu anayemwambia mfiwa umesema uongo.

Mimi sikuwa nimempa mtu uso wangu. Nilitoka nikaenda barabarani, malori yalikuwa yamejipanga yanangoja, nikapanda bampa nikasema yote: ndege, suti, kikombe. Nilisema mpaka koo likatoa damu. Walinisikiliza vizuri sana. Nilipomaliza, mzee mmoja wa Akaba akauliza, bila ubaya, "Na baba yake anasemaje?"

Nikashuka kwenye bampa.

"Redio," akasema, "mimi nakuamini. Lakini siwezi kuikata barabara ya serikali kwa kifo ambacho baba yake mwenyewe anakikana. Akisema yeye, nalaza lori langu sasa hivi na nalala chini yake."

Wote wakaitikia hivyo. Akisema yeye.

Siku ya pili akaja Shtewi, dereva mwenzetu. Alikuwa nyuma ya Hazaa katika msafara ule. Alivuka mpaka kwa miguu na ndani ya gari la kondoo, mikono yake imefungwa matambara mpaka viwikoni. Hakupita hemani. Alikwenda mlango wa nyuma kwa Fidda, nami nilikuwepo, akasimulia akiwa amesimama, hakutaka kukaa.

Walikuwa wameegesha kwenye mgahawa wa njiani, wanakunywa chai. Ndege ikapita juu, ikaenda. Wakasikia inarudi. Wote walikimbia, isipokuwa Hazaa. Hazaa alikimbilia kwenye lori, akapanda juu ya tangi, akatwaa kile kitambaa chake chekundu cha kichwani akaanza kufuta vumbi juu ya jina la nchi.

"Lilikuwa limejaa vumbi, mama," Shtewi alisema. "Alikuwa anafuta lisomeke. Tulimwita, akatupungia. Akasema, 'Ngojeni, hajaona.'"

Fidda hakupiga kelele. Aliuliza tu kama rangi ilikuwa bado nzima. Shtewi akasema ndiyo, mama, ilikuwa nzima kabisa.

Siku ya tatu ndiyo siku ya kufunga hema. Walikuwepo wote: Sheikh Mijhim kwenye nafasi yake ya juu, wazee, madereva wamejaa mpaka kwenye kamba za turubai, injini nyingine hazijazimwa barabarani, zinanguruma. Walimjia Swailim kwa mara ya mwisho, yule mzee wa Akaba mbele. Kabla hajafungua mdomo, turubai la upande wa nyumba likafunuliwa.

Fidda akaingia katika hema la wanaume. Dada yangu, ambaye hata sokoni alikuwa akitembea ukingoni mwa ukuta. Mkono mmoja ameshika dele, mwingine kikombe. Wanaume wakainamisha macho, wengine wakaanza kuinuka kutoka, kwa haya, na akasema, "Kaeni." Wakakaa.

Akaketi mbele ya mumewe, pale pale kwenye vumbi, mahali pa mgeni. Akajimiminia mwenyewe. Akakiweka kikombe chini.

"Mimi ni ujumbe," alisema. "Sina wazee, sina joho. Nina haja, Baba Hazaa."

Nilisikia mtu nyuma yangu anaanza kulia.

"Sikuombi damu. Sikuombi fidia. Sema kilichomuua mwanangu. Useme wewe, mbele ya hawa. Nami nitakunywa, nitatikisa kikombe, nitarudi ndani, na hutanisikia tena."

Swailim akamtazama. Kisha akamtazama Sheikh. Na mimi nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani: nilimwomba Sheikh Mijhim. Nilimwomba kwa macho. Neno moja tu lake lingetosha. Angesema nimekurudishia uso wako, Swailim, na barabara ya jangwani ingekatwa siku ile na nchi nzima ingesikia jina la Hazaa. Sheikh alikuwa anatazama makaa. Alikuwa na walimu wake na ngano yake na vifaru vyake na wanawe wawili. Hakuinua kichwa.

Midomo ya Swailim ikafunguka. Niliiona. Neno lenyewe ni fupi: kunywa. Angelisema hilo, jingine lingefuata lenyewe.

"Fidda," alisema. "Fidda..."

Mvuke juu ya kikombe ukapungua, ukaisha. Kahawa ikakaa nyeusi, tuli. Nje dereva mmoja akazima injini. Kisha mwingine. Kisha zote, moja baada ya nyingine, kama watu wanaotoka chumbani kwa mgonjwa.

Dada yangu akanyanyuka. Kikombe akakiacha chini. Akapita mbele ya wanaume wote, akatoka kwa upande wa barabara, si wa nyumba, akaenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwangu. Hakurudi.

Mgomo haukuwepo. Malori yalitawanyika. Msaada wa Rafiki ukaja, magazeti yakaandika kwa herufi kubwa kama milango. Mwaka uliofuata dizeli ikapanda, na mafuta ya taa yakapanda, na baridi ile watu wa Maan walichoma makabati yao. Waliokimbia Baghdad na pesa zao wakajaza Amman, na mpangaji wa kwetu akaambiwa ahame apishe. Wanaume wa bungeni walioahidi kusimama waliketi. Kisha Rafiki, ambaye sasa alikuwa amekaa kule na askari wake wengi, akahitaji maji ya chupa na viti na barafu, akatafuta madereva wanaoijua barabara. Unadhani walikwenda akina nani? Shtewi alikwenda. Alishika usukani wa Rafiki kwa mikono ile ile. Nilimtukana mpaka nikachoka. Alinisikiliza, akasema, "Watoto hawali hotuba, Redio."

Swailim aliuza kichwa cha lori jingine alilobakiwa nalo, akakaa ndani. Lakini kila Idi alikuja kwangu. Anavaa joho, anabisha, namkaribisha, kwani nifanyeje? Amekuja kumwomba mkewe. Fidda alikuwa akikaanga kahawa, ananipa mimi nimpelekee. Swailim anaipokea, anaiweka chini, anangoja. Mimi nakwenda ndani namtazama dada yangu. Dada yangu anatingisha kichwa.

"Mwambie nilichokitaka hajakileta."

Sikuwahi kumwambia. Alikuwa anasikia, ukuta wetu ni mwembamba. Anakaa mpaka kahawa inapoa, anashukuru, anaondoka. Idi kwa Idi, mpaka ndevu zikawa nyeupe zote.

Sheikh Mijhim alikufa majira ya baridi, miaka mingi baadaye, akiwa ameshika nafasi yake ya juu. Wakati huo Rafiki alikuwa na vita vingine, jangwa lile lile, na safari hii redio haikusema sisi hatumo. Swailim alikwenda matangani. Akangoja watu wapungue, akamwendea mtoto mkubwa wa Sheikh, aliyekuwa amevaa joho la baba yake na simu sikioni.

"Mwanangu," alimwambia, "baba yenu alikuwa na uso wangu. Nimekuja mnirudishie."

Kijana akaondoa simu. "Uso gani, ami?"

"Wa kikombe. Wa Hazaa."

"Hazaa gani?"

Hakuwa anamdhihaki. Hakujua. Sheikh hakuwaambia, suti zilikuwa zimeshabadilika mara nne kule Amman, na neno lile lililofungwa kwa Mungu na kwa makaa lilikuwa halina mtu wa kulilinda duniani isipokuwa Swailim peke yake.

Alikuja kutoka kule moja kwa moja mpaka mtaani kwangu. Hakubisha. Alisimama katikati ya njia, adhuhuri, watu wanatoka kununua mkate, akavuta pumzi, na ile sauti ndogo ikatoka imepasuka:

"Ni ndege! Enyi watu! Mwanangu Hazaa aliuawa na ndege ya Rafiki! Hakupinduka! Lori halikupinduka!"

Dirisha moja lilifunguliwa, likafungwa. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake pembeni. Vijana wawili waliokuwa na mifuko ya mkate wakasimama, mmoja akamuuliza kwa upole, "Mzee, ndege ipi? Ya leo?"

Mlango wangu ukafunguka. Fidda alitoka na kikombe mkononi. Si kahawa mpya. Makaa hayakuwa yamewashwa siku ile, ilikuwa iliyobaki kwenye dele tangu asubuhi. Akamwendea mpaka alipokuwa amesimama, akampa.

"Kunywa, Baba Hazaa," alisema.

Alikunywa akiwa amesimama, kama mtu anayemeza dawa. Kisha akamnyooshea kikombe bila kukitikisa. Mtu akikirudisha hivyo kwetu anaomba aongezewe.

Fidda alikipokea. Alikitazama ndani, akakifunika kwa kiganja kama mtu anayesema basi, akarudi ndani kwangu, akafunga mlango nyuma yake.